Filamu kwanza, kamera mwisho: kupiga picha za familia bila kuwageuza watu

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Katika mikusanyiko ya familia yetu mimi ndiye ninayebeba kamera. Natumia SLR ya zamani (ile yenye kioo ndani) yenye lenzi ya milimita 50, f/1.8, na filamu ya rangi ya ISO 200. Flashi siipendi. Picha za ndani zinatoka zimejaa giza au zimetikisika, na kila nikiinua kamera watu wanaacha walichokuwa wakifanya na kuanza kupozi. Rafiki yangu ananishauri niuze nilicho nacho ninunue Leica kwa sababu haina kelele. Nifanyeje?"

Usiuze kamera yako, angalau si sasa. Umeleta malalamiko mawili. La kwanza, yaani giza na mtikisiko, halitokani na kamera hata kidogo. Ni hesabu ya mwanga ambayo hata Leica, kamera ya Kijerumani, ingeishindwa kwa filamu hiyo hiyo uliyoizoea. La pili, yaani watu kugeuka, lina uhusiano na kelele, lakini mdogo kuliko anavyodhani rafiki yako. Kwa hiyo nitakujibu kwa mpangilio ambao ningeufuata kama fedha zingekuwa zangu: filamu kwanza, halafu lenzi, na kamera mwisho.

Tuanze na hesabu yenyewe. ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga, f/ ni upana wa tundu la lenzi (namba ndogo, tundu kubwa), na kasi ya shata ni muda ambao mwanga unaachwa uingie. Chumba cha kukaa chenye taa za kawaida za nyumbani, usiku, kwa kawaida huwa na mwanga ambao kwa filamu ya ISO 200 na tundu la f/2 unadai kasi ya shata iliyo kati ya 1/15 na 1/30 ya sekunde. Mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kushika kamera kwa 1/30 akitumia lenzi ya milimita 50 na akapata picha safi mara moja moja, lakini kwa 1/15, huku kioo cha SLR kikiruka ndani ya kamera, ni bahati nasibu. Ukiweka filamu ya ISO 400, kasi inapanda hadi kati ya 1/30 na 1/60. Ukiitumia filamu kwa ISO 1600, unafika kati ya 1/125 na 1/250, na hapo hata mkono wa mtu anayesimulia kwa vitendo unaanza kutulia kwenye picha. Hakuna lenzi wala kamera unayoweza kununua itakayokupa nafuu ya ukubwa huo, kwa sababu kutoka f/1.8 hadi f/1.4 unapata chini ya hatua moja ya mwanga, ilhali kutoka ISO 200 hadi 1600 unapata hatua tatu, na kila hatua ni maradufu ya ile iliyotangulia.

Kabla ya kuendelea, chukua picha zako zilizoharibika uziangalie upya, kwa sababu mtikisiko ni wa aina mbili na tiba zake hazifanani. Mwangalie mtu anayecheka, kisha kiangalie kiti alichokalia. Ikiwa nyuzi za kitambaa cha kiti zinaonekana vizuri lakini mdomo na vidole vimekuwa ukungu, mkono wako ulitulia na yeye ndiye aliyesogea. Tiba ni shata ya kasi zaidi, au kusubiri ule mpumuo mfupi mwishoni mwa kicheko ambapo mwili husimama. Ikiwa kiti nacho kimekuwa ukungu, wewe ndiye uliyetikisika, na tiba inaweza kuwa kuegemea ukuta, kubana viwiko mbavuni na kubonyeza wakati unatoa pumzi. Watu wengi huandikia mtikisiko wao tiba isiyowahusu.

Sasa filamu ipi? Kwa matumizi unayoyaeleza ningeanza na filamu nyeusi-na-nyeupe ya ISO 400, ama Ilford HP5 Plus ama Kodak Tri-X 400. Sababu yangu si mapenzi ya mambo ya kale. Filamu nyingi za rangi zimeundwa kwa mwanga wa mchana, takriban Kelvin 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga), ilhali taa za nyumbani za rangi ya joto huwa karibu na Kelvin 2700. Nyuso hutoka na rangi ya chungwa, na pakiwapo dirisha upande mmoja na taa upande wa pili, nusu ya uso huwa chungwa na nusu huwa buluu, jambo ambalo hata maabara nzuri haiwezi kulimaliza. Kichungi cha buluu cha 80A hurekebisha rangi za taa za zamani za nyuzi, lakini kinakula hatua mbili za mwanga, yaani kinakunyang'anya kitu kile kile unachokitafuta. Nyeusi-na-nyeupe haijali rangi ya taa.

Filamu hizo mbili zinavumilia pia kutumiwa kwa kasi iliyo juu ya ile iliyoandikwa kwenye kopo. Kodak wenyewe wanaeleza kwamba Tri-X inaweza kupigwa kwa 800 na kusafishwa kwa muda wa kawaida bila kubadilisha chochote. Kwa 1600, HP5 inahitaji kusukumwa, maana yake kuachwa muda mrefu zaidi katika dawa ya kusafishia, na ni lazima uiambie maabara kabla, tena kwa maandishi kwenye kopo lenyewe, kwa kuwa mkanda mzima husafishwa kwa pamoja. Huwezi kupiga nusu ya mkanda kwa 400 bustanini na nusu kwa 1600 ndani. Ukishaamua kasi mwanzoni mwa mkanda, kaa nayo hadi mwisho.

Hapa kuna jambo ambalo maelezo ya watengenezaji hulipitia juu juu. Kusukuma filamu hakuongezi maelezo katika vivuli. Kunang'arisha tu zile sehemu ambazo tayari zilipata mwanga. Matokeo yake ni tofauti kali kati ya weupe na weusi, na mtu mwenye ngozi nyeusi aliyeketi ubavuni mwa taa anaweza kupoteza nusu nzima ya uso wake: shavu, kona ya jicho na mstari wa taya vyote vikazama katika weusi mmoja usio na kitu. Nimeona picha ambazo nguo nyeupe ya mhusika imetoka kwa ustadi wa ajabu na uso wake haupo. Kosa huanzia kwenye kipima mwanga, ambacho kikiona nguo nyeupe, ukuta mweupe au dirisha nyuma ya mtu, hudhani mwanga ni mwingi na kukushauri upunguze. Kwa hiyo ushauri wangu ni 800 kila inapowezekana na 1600 inapobidi tu, na vipimo uvichukue usoni kwa mtu au kwenye kiganja chako mwenyewe kilichowekwa katika mwanga ule ule unaomwangukia. Kiganja huakisi mwanga zaidi ya kile kijivu ambacho kipima mwanga kimetengenezewa, hivyo baada ya kukipima fungua lenzi hatua moja zaidi. Negativu iliyopata mwanga mwingi kidogo inasameheka. Iliyokosa mwanga haina cha kusamehewa.

Kuna filamu zilizotengenezwa mahususi kwa giza. Ilford Delta 3200 na Kodak T-Max P3200 zinabeba namba kubwa kwenye kopo, ingawa kasi yake halisi kwa vipimo vya maabara ni karibu na ISO 1000, na kasi iliyobaki hupatikana kwa kusukuma. Chembechembe zake ni kubwa na zinaonekana wazi. Mimi hupenda Delta 3200 ikipigwa kwa 1600, kwa sababu vivuli vyake hubaki na uhai kuliko vya HP5 kwa kasi hiyo hiyo, lakini ni ghali zaidi kwa kila mkanda na singependa ujifunzie nayo. Kama maabara iliyo karibu nawe inasafisha filamu za rangi pekee, ipo Ilford XP2 Super, nyeusi-na-nyeupe inayosafishwa kwa dawa ya C-41 kama filamu ya rangi, na inakubali kupigwa hadi 800 bila kusukumwa.

Ukitaka rangi kwa vyovyote, basi mchana kando ya dirisha tumia Kodak Portra 400, na usiku tumia Portra 800. CineStill 800T imepata umaarufu kwa kuwa imesawazishwa kwa taa za Kelvin 3200; inatokana na filamu ya sinema ya Kodak iliyoondolewa tabaka la nyuma linalozuia mwanga kurudi, ndiyo maana kila taa inayoingia kwenye picha huvaa duara jekundu. Picha moja ya namna hiyo inapendeza. Mkanda mzima wa shangazi na wajomba wenye taa nyekundu vichwani unachosha. Filamu za slaidi zisahau kabisa kwa kazi hii, kwani kosa la hatua moja tu linatosha kuiharibu picha.

Kuhusu lenzi, ile uliyo nayo ni nzuri. Swali ni kama inakaa vizuri ndani ya vyumba vyenu. Lenzi ya milimita 50, ukiwa mita mbili kutoka kwa watu, inaona upana wa takriban mita 1.4, yaani watu wawili waliokaribiana. Ya 35 inaona kama mita 2, yaani watatu na kitu wanachozungumzia kati yao. Katika familia kitu kinachopigwa picha mara nyingi si mtu bali ni kinachopita baina ya watu: mtoto anayenong'ona, na mzee anayeinamisha sikio huku macho yake yakiwa kwingine. Kwa lenzi ya 50 utarudi nyuma hadi mgongo uguse mlango, na mtu anayerudi kinyumenyume akiwa na kamera usoni huonekana na chumba kizima. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja cha kununua kwa kamera uliyo nayo, ni lenzi ya milimita 35 yenye f/2. Ya f/2.8 ni ndogo na nafuu zaidi, lakini hatua moja uliyoipoteza utailipia kila usiku.

Nisikufiche hasara ya kufungua lenzi hadi mwisho. Lenzi ya milimita 35 kwa f/2, ikilengwa mita mbili, inatoa ukali wa kina cha takriban sentimita 40 tu (kilicho mbele au nyuma ya hapo huwa ukungu), na lenzi ya 50 yenye f/1.4 ikilengwa mita moja na nusu haina zaidi ya sentimita nane, kiasi kwamba pua na sikio vinaweza kutofautiana. Mchana, au nje kwenye kivuli, mambo hubadilika: 35 kwa f/8 ikilengwa mita tatu inashika kila kitu kuanzia karibu mita 2 hadi mita 7. Hapo huhitaji kulenga tena. Unaweka mara moja, unaiacha, na kamera inakuwa kama kalamu mkononi.

Jambo hilo ndilo linalotufikisha kwenye lalamiko lako la pili. Siku moja mwombe mtu akupige picha wewe ukiwa unapiga picha, au mtazame mwingine akifanya kazi hiyo. Kamera inapanda usoni. Kidole kinazungusha pete ya kulenga huku na huko. Kamera inashuka, mtu anakodolea namba, anazungusha kasi ya shata, kamera inapanda tena, pete inazungushwa tena, ndipo mlio unasikika. Zimepita sekunde nane au kumi, na watu waligeuka katika ile ya tatu. Sauti ya shata ilikuja baada ya madhara kwisha kutokea. Mtu aliyepima mwanga alipoingia chumbani, akaweka kasi na tundu, akakisia umbali kwa macho na kuuweka kwenye pete kamera ikiwa bado tumboni, anaihitaji kamera usoni kwa sekunde moja tu, na kwa sekunde moja hata SLR yenye kelele haigeuzi watu wengi. Zoezi la kukisia umbali halina gharama: ukiwa umekaa, jiambie "mita moja na nusu," kisha lenga uone pete inasemaje. Baada ya wiki mbili utashangaa.

Hata hivyo kelele ipo, na katika chumba kilichotulia, kwa mfano wakati wa dua au mtu anapolia, mlio wa kioo cha SLR ni wa kukera. Kwa hali hizo kamera isiyo na kioo ndani inafaa zaidi. Leica za aina ya M ni tulivu kweli, hazizimi kitazamio wakati wa kupiga, na zinakuruhusu kumwona mtu anayekaribia kuingia kwenye fremu kabla hajaingia. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alizifunika sehemu za kung'aa za Leica yake kwa utepe mweusi, hila ambayo unaweza kuiiga leo hii kwenye kamera yoyote. Lakini ukiamua kufuata njia hiyo, jihadhari na jambo moja: Leica M3 ya mwaka 1954, ambayo wengi huitamani, ina mistari ya fremu (inayokuonyesha kwenye kitazamio picha itaishia wapi) ya lenzi za 50, 90 na 135 tu, haina ya 35, ilhali M2 na M6 zinayo. Na gharama ya mwili mtupu pamoja na lenzi ya 35 ingekununulia filamu na kuzisafisha kwa miaka kadhaa, ambayo ndiyo hasa inayomfundisha mtu kazi.

Kwa sehemu ndogo ya fedha hizo kuna renjifainda (kamera zisizo na kioo, zenye kitazamio chake pembeni ya lenzi) za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 zenye lenzi isiyobadilishwa na shata iliyomo ndani ya lenzi yenyewe. Shata ya aina hiyo haina pazia linalokimbia, na mlio wake hauzidi ule wa kubonyeza kalamu ya springi. Canonet QL17 GIII ina lenzi ya milimita 40 yenye f/1.7 na inaendelea kufanya kazi hata betri ikifa, mradi uweke namba mwenyewe. Yashica Electro 35 ina lenzi nzuri ya milimita 45, f/1.7, lakini inajichagulia kasi ya shata kwa umeme, na bila betri haina maana. Konica Hexar AF ya miaka ya 1990 inajilengea yenyewe, ina lenzi ya 35 yenye f/2 na hali ya ukimya ambamo mota inavuta filamu taratibu kiasi cha kutosikika hatua chache kutoka ulipo. Kwa kazi yako, kama ningeruhusiwa kamera moja tu, ningechukua hiyo. Dosari yake ni kwamba shata haizidi 1/250, na Canonet haizidi 1/500, kwa hiyo mkusanyiko ukihamia juani huku una filamu ya 1600, hata ukifunga tundu hadi mwisho utakuwa umezidisha mwanga.

Kamera ndogo za mfukoni zenye f/2.8, kama Olympus XA au Mju II, zinavutia kwa udogo wake, na XA kwa kweli ina kitufe chepesi sana kisicho na kelele. Ndani usiku, hata hivyo, f/2.8 ni finyu, na Mju II hurudisha flashi kwenye otomatiki kila unapoifungua, kwa hiyo usipokumbuka kuizima utatangaza uwepo wako kwa nyumba nzima.

Ukinunua kamera ya umri huo, fungua mgongo wake uangalie sponji nyeusi zilizo kwenye kingo. Zikiwa zimegeuka kuwa kitu kinachonata kama lami, mwanga unavuja na zinahitaji kubadilishwa, kazi rahisi unayoweza kuifanya mwenyewe. Uliza pia kuhusu betri. Nyingi kati ya kamera hizo zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo haziuzwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, kipima mwanga kinaweza kudanganya, ilhali betri za zinki-hewa hutoa volti zinazokaribiana na zile za zamani. Jaribu shata kwa kasi za polepole, kwa sababu mafuta yaliyokauka huzifanya zikwame hapo kwanza.

Kuna kosa moja ambalo halichagui kamera. Niliwahi kupiga mkusanyiko mzima wa familia yangu, nikafurahi kwamba mkanda ulikuwa na ukarimu wa ajabu, na nilipofika namba 40 ndipo nilipojiuliza imekuwaje kwa mkanda wa picha 36. Ncha ya filamu haikuwa imeshika kwenye roda; hakuna hata picha moja iliyopigwa. Tangu siku hiyo, nikishafunga mgongo wa kamera, nageuza kwa upole kirudishio cha filamu hadi kikaze, kisha navuta wenzo huku nikikitazama. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, fungua uanze upya, na ufanye hivyo kabla wageni hawajafika.

Mwisho, kuhusu watu wenyewe. Kutowashtua si kujificha. Ingia na kamera ikiwa imening'inia kifuani tangu mlangoni, piga picha mbili tatu za mapema ambazo huzihitaji sana, waache wapozi wanaotaka kupozi na uwapige kwa heshima, kisha kaa chini uzungumze. Baada ya nusu saa kamera yako itakuwa sehemu ya nguo zako. Asiyetaka kupigwa usimvizie, hata kama ni mdogo kwako. Na mkusanyiko unaofuata uje na picha zilizochapishwa za ule uliopita, moja moja kwa kila aliyetokea vizuri. Nimeona watu waliokuwa wakifunika nyuso kwa viganja wakija wenyewe kuuliza kama leo nimebeba filamu.

Kwa hiyo nunua mikanda mitatu ya HP5, ipige yote kwa 800 kwa kamera na lenzi ulizo nazo, ukiwa umeshaweka mwanga na umbali kabla ya kuinua mkono. Ukishazisafisha, hesabu ni picha ngapi umezikosa kwa sababu ya kukosa nafasi ya kurudi nyuma, na ngapi kwa sababu ya mlio wa kioo. Kama za kwanza ni nyingi, tafuta lenzi ya 35. Kama za pili ndizo nyingi, tafuta Hexar AF, au Canonet iliyotunzwa.